Uliza Fundi: Jua linayeyusha chuma, sawa, na usiku nani anabeba?

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu, kwamba kule Pueblo, jimbo la Colorado, Marekani, kuna kiwanda cha chuma ambacho umeme wake karibu wote kwa hesabu ya mwaka unatoka kwenye shamba la sola lililo uwanjani kwake, alafu nikaendelea na mambo yangu ya pampu za kisima. Sasa hiyo mistari minne imeleta barua kuliko pampu zote. Nimechagua sita, zilizobaki zinauliza kitu hicho hicho cha usiku kwahiyo msininunie, jibu lenu limo humu humu. Majina nimeyaficha kama kawaida.

SWALI: Fundi mambo. Mimi ni mchomeleaji hapa Gerezani, mwaka wa kumi na moja huu. Nimefunga paneli nne na inveta ya kilowati 3, taa safi, feni safi, redio safi, ila nikiwasha mashine ya kuchomea nikagusa tu chuma, inveta inalia piiii inazima. Leo unaniambia kuna watu wanayeyusha skrepa kwa jua. Wao wametufunga kamba au wewe ndo unatufunga? Na usiku wanafanyaje, wanalala? (Mchomeleaji, Gerezani, Dar)

JIBU: Poa kaka. Kamba haipo, ila nilifupisha mpaka ikaonekana kamba, nisamehe. Tuanze na tanuru lenyewe manake wewe utalielewa kuliko hata bosi wa benki. Lile tanuru ni mashine yako ya kuchomea iliyoshiba ugali. Ni arki ile ile, yani ile cheche ya umeme isiyokatika. Skrepa inamwagwa kwenye chungu kikubwa cha chuma ambacho ndani kimepangwa matofali ya kuhimili moto, zinashushwa elektrodi za grafaiti nene kama gogo la mnazi, umeme unaruka kutoka elektrodi kwenda kwenye skrepa kwa kelele ya radi isiyoisha, na chuma kinafika nyuzi kama 1,600 kinakuwa maji. Tani moja ya skrepa inakula uniti kama 400 mpaka 500. Kwa mwenye nyumba aliye kwenye ile tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni luku ya nusu mwaka imeenda kwa tani moja, na pale hawayeyushi tani moja.

Kilichozima inveta yako ndicho kinachosumbua kila mwenye arki. Ukigusa elektrodi kwenye chuma, kwa nukta ile ni kama umepiga shoti, mashine inavuta mkupuo mkubwa kupita ile kilowati 3 iliyoandikwa kwenye boksi, na inveta inajiokoa. Tanuru la Pueblo nalo linavuta kwa mikupuo hivyo hivyo, skrepa ikiporomoka ndani mzigo unaruka juu, ikikaa sawa unashuka. Hakuna paneli duniani itakayovumilia huo ugomvi peke yake. Anayeuvumilia ni gridi, yani yale majenereta makubwa mazito yanayozunguka sehemu mbalimbali yote kwa pamoja, tanuru likiruka yanahisi kama lori kubwa linavyohisi jiwe dogo barabarani.

Sasa shamba lenyewe. Linaitwa Bighorn, lilikamilika 2021, paneli zaidi ya 750,000 kwenye ekari kama 1,800, ukivipanga viwanja vya mpira hapo unapata kama elfu moja. Kampuni iliyolijenga na kulimiliki ni Lightsource bp, gharama iliyotajwa ni dola milioni 285. Na hapa ndipo nilipofupisha vibaya: Lightsource bp haikiuzii kiwanda umeme. Inauza wote kwa Xcel Energy, ambayo ndo kama TANESCO ya kule, kwa mkataba wa miaka 20, alafu Xcel ina mkataba wake mwingine na kiwanda unaofika mpaka 2041. Karatasi mbili tofauti.

Ni kama kutuma hela kwa simu. Wewe unampa wakala wa Mbagala noti ya elfu kumi imekunjika na ina doa la mafuta, mama yako anatoa elfu kumi Mwanza, je ni noti ile ile? Sio. Lakini ni hela yako na hakuna anayebisha. Mchana Bighorn inamwaga kwenye gridi, mara nyingine umeme mwingi kuliko tanuru linavyokula, usiku tanuru linachota kwenye gridi kilichotoka kwenye upepo, gesi na makaa. Mwisho wa mwaka wanajumlisha, kilichomwagwa kinatosha zaidi ya asilimia 90 ya kilichochotwa. Hiyo ndo maana ya "kiwanda kinatumia jua". Usiku hawalali, wanafanya kazi kama kawaida, ila usiku haubebwi na jua. Hapo hapo Pueblo kuna mitambo ya makaa ya mawe inaitwa Comanche, mmoja umezimwa 2022 na mingine iko kwenye foleni ya kuzimwa, kwahiyo ukiniuliza kwa miaka hii ya kwanza usiku nani alibeba, sehemu yake ni hao hao wazee wa makaa waliokuwa jirani.

Utasema basi si mchezo wa karatasi tu. Nusu kweli. Ila fikiria kiwanda kile, chuma kinafuliwa hapo tangu 1881, kazi yake kubwa ni reli, kinaajiri watu zaidi ya elfu, na wenyewe, ambao wakati ule walikuwa EVRAZ, walitaka kujenga mtambo mpya wa reli ndefu za mita 100 na walikuwa wanaangalia na sehemu zingine za kwenda. Kilichowabakiza, mojawapo na kubwa, ni kuhakikishiwa bei ya umeme mpaka 2041. Jua halipandishi bei, hakuna vita itakayofanya jua liadimike. Mimi nasema kile kiwanda kilinunua kalenda, umeme ulikuja kama nyongeza, na mtu akikwambia Pueblo ni habari ya mazingira mwambie ni habari ya mhasibu kwanza.

Kwa mashine yako, ama tafuta mashine ya kuchomea ya kisasa ile ndogo ya inveta yenye kuanza taratibu na ushushe ampea, ama acha kuchomea kubaki kwenye umeme wa TANESCO na sola ibaki na taa na feni. Usiniongezee inveta ya pili sambamba bila kuniuliza, nakujua.

SWALI: Shikamoo Fundi. Niko VETA Shinyanga mwaka wa pili umeme. Mwalimu wetu katwambia hilo shamba la Pueblo ni megawati 300, mimi kwenye kusoma kwangu nimekuta 240. Nani kakosea? (Mwanafunzi, Shinyanga)

JIBU: Marahaba. Hajakosea mtu, na usiende kumbishia mwalimu mbele ya darasa. 300 ni ukijumlisha namba za nyuma ya paneli zote, huo ni umeme wa DC, wa upande mmoja kama wa betri. 240 ni kinachoweza kutoka kwenye inveta kwenda gridi, AC, umeme wa kwenda na kurudi kama wa ukutani, maana inveta kazi yake ni kugeuza DC kuwa AC. Makusudi kabisa wameweka paneli nyingi kuliko inveta.

Sababu ni kwamba ile wati iliyoandikwa nyuma ya paneli imepimwa maabara, nyuzi 25, mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, hali ambayo juani unaikuta kwa bahati. Paneli inayopigwa na jua la saa saba inafika nyuzi 60 bila shida, weka mkono utaniambia, na kila nyuzi moja ikipanda inapoteza kama theluthi ya asilimia moja, kwahiyo kwa tofauti ya nyuzi 35 umepoteza zaidi ya asilimia 10 kwa joto tu. Ongeza vumbi, ongeza waya. Ukinunua inveta ya 300 utakuwa umelipia mdomo ambao haujai. Siku chache za baridi na jua kali, ambazo Colorado inazo, paneli zinataka kutoa zaidi ya 240, inveta inakatalia hapo hapo, ukichora grafu ya siku hiyo kilele kinakuwa bapa kama kofia ya kiua. Kile kilichokatwa kimepotea ndio, ila kidogo.

Usome hivyo kila mahali. Malindi Solar ya Kenya utakuta 52 na utakuta 40, ni hivyo hivyo. Garissa imejengwa kwa paneli 206,272 za wati 265, piga hesabu mwenyewe uone unapata upande gani, DC au AC. Na hapo mkoani kwenu Kishapu, mradi ambao mkataba wake ulisainiwa 2023 kwa awamu ya kwanza ya megawati 50, mkipelekwa ziara usiulize "ni megawati ngapi", uliza "megawati ngapi za paneli na ngapi za inveta", wahandisi watakuangalia mara mbili.

SWALI: Assalaam aleykum Fundi. Mie niko Maskati, wazee wetu Unguja. Nna suali dogo. Huku vumbi halina mchezo, gari ukiliacha siku mbili huijui rangi yake. Hizo paneli hazigeuki jamvi la mchanga? Na la pili nasikia kampuni ya mafuta ya huku inanunua umeme wa jua, sasa yule si kama mwenye duka la nyama kwenda kununua mchicha? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Waaleykum salaam. Mfano wako nimeupenda, na kweli ipo. Mradi wa sola wa Amin, kusini mwa Oman jangwani, megawati 100, ulianza 2020, na mnunuzi wake ni mmoja tu, PDO, kampuni ya mafuta. Mwenye nyama ananunua mchicha kwasababu nyama yake anataka akaiuze sokoni. Visima vya mafuta vinakula umeme mwingi mno, pampu, mitambo ya kutenganisha maji, na umeme huo ulikuwa unatoka kwenye gesi. Gesi isiyochomwa kwenye jenereta ni gesi ya kuuza au ya kiwanda. Na hao hao kabla ya hapo walishafanya kituko kingine kule Amal, mradi wa Miraah, vioo vilivyopinda vimewekwa ndani ya nyumba za vioo kama za kuoteshea nyanya, vinakusanya jua, vinachemsha maji, mvuke unasukumwa chini ya ardhi kulainisha mafuta mazito yapande. Nyumba ya vioo kazi yake ni kuzuia hilo vumbi lako.

Kwa paneli za kawaida dawa ni roboti. Ibri ya pili, shamba la sola la huko huko Oman, lile la megawati 500 iliyozinduliwa Januari 2022, roboti zinatembea juu ya safu za paneli zinapangusa kwa brashi, maji hakuna. Maji jangwani ni ghali na yakikauka vibaya yanaacha chumvi. Huku kwetu watu wanapandisha kijana na ndoo na sabuni ya unga saa sita mchana, kioo kina moto, anamwaga maji ya baridi, alafu wanashangaa nyufa. Osheni alfajiri.

SWALI: Mkuu heshima yako. Niko Kahama, tuna kikundi cha uchimbaji mdogo, tuna krasha na pampu, jenereta inatumaliza, dizeli ndo imekuwa bosi. Hii ya kuuziana na gridi haituhusu kwasababu gridi kwetu haijafika. Jua pekee yake linawezekana? (Mchimbaji, Kahama)

JIBU: Jua peke yake na krasha, hapana, usinunue ndoto. Jua pamoja na jenereta, ndio, na mfano mzuri uko Misri, kwenye mgodi wa dhahabu unaoitwa Sukari, ndio, Sukari, kule ni jina la mlima msiende na chai. Uko jangwani upande wa Bahari ya Shamu, ulikuwa unaishi kwa dizeli. 2022 wakawasha sola ya megawati 36 na betri ya megawati 7.5, na hesabu yao ni kuokoa dizeli lita milioni 22 kwa mwaka. Jenereta hazikutolewa. Nchini Mali nako, mgodi wa Fekola, walifunga megawati 30 na betri hivyo hivyo.

Sikiliza betri inafanya nini maana watu wanadhani ni ya kuwasha usiku. Kazi yake kubwa ni wingu. Wingu likipita juu ya shamba, sola inaanguka ndani ya sekunde chache, jenereta iliyozimwa inahitaji muda kuwaka na kupokea mzigo, hicho kipande katikati ndo betri inakaa. Bila betri inabidi jenereta ziwe zinazunguka bure zikisubiri wingu, na jenereta ya dizeli haipendi kuzunguka na mzigo mdogo, ukiiendesha chini ya kama asilimia 30 muda mrefu inaanza kulowana mafuta kwenye bomba la moshi, inakula oili, inazeeka. Kwahiyo kwenu anzeni na pampu. Pampu inavumilia, jua likipungua maji yanapungua basi, mnajaza tenki mchana. Krasha iacheni kwa jenereta mpaka hela ya betri ipatikane, na mpime kwanza lita kwa saa kwa daftari, siku saba, sio kwa kukumbuka.

SWALI: Habari Fundi. Nasimamia kiwanda kidogo cha plastiki Athi River, beseni, ndoo, viti. Amekuja mtu wa mauzo na tai nzuri, anasema watafunga sola kwa gharama yao, sisi tununue stima yao kwa miaka 20 kwa bei ya chini asilimia 30 kuliko tunayolipa, hatutoi hata shilingi. Mkurugenzi anataka kusaini. Mimi tumbo linakataa lakini sina la kusema. Pia anauliza kwa nini tusinunue moja kwa moja kutoka shamba kubwa kama Garissa, kama hao wa Pueblo. (Meneja, Athi River)

JIBU: Ndugu yangu tumbo lako lina digrii. Sio kwamba mikataba hii ni mibaya, mingine ni mizuri sana, ila wewe uko kwenye plastiki na mimi plastiki naijua.

Nilikaa miaka minne kwenye karakana ya kiwanda kimoja cha plastiki, jina nalimeza. Umeme ulikuwa unayumba nusu sekunde tu, taa inapepesa kama mtu kakonyeza, ofisini hata hawajui. Kwetu mashine kumi na mbili zimezima. Hita zimekata, plastiki iliyokuwa inatiririka ndani ya pipa inaanza kuganda, na kama umeme umekata kabisa ikifika nusu saa imeshika skrubu kama simenti. Hapo unafungua pua ya mashine, unapasha kwa gesi taratibu, unakwangua kwa patasi ya shaba, ukitumia ya chuma umechora skrubu na skrubu ni hela ya kununua pikipiki, moshi unakuwasha macho na meneja amesimama nyuma anaangalia saa. Siku moja tulikwangua kuanzia saa nne usiku mpaka adhana ya alfajiri. Bosi wetu akafunga sola juu ya paa akiamini yale mambo yamekwisha.

Hayakwisha, na kitu hiki mtu wa tai hatakwambia usipomuuliza: sola ya kawaida iliyofungwa sambamba na gridi, stima ikikatika nayo inazima, hata kama jua linapasua kichwa. Imetengenezwa hivyo ili isimuue fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa. Ukitaka ibaki hai unahitaji betri au jenereta ya kuiongoza na mfumo wa kujitenga, hiyo ni bei nyingine. Bosi alikasirika siku ya kwanza mpaka akamwita mfungaji tapeli, na mfungaji hakuwa tapeli, hakuulizwa tu.

Turudi kwenye karatasi. Hiyo asilimia 30 ni ya leo. Angalia kifungu cha bei kupanda kila mwaka. Ikiwa inapanda asilimia 3 tu, mwaka wa ishirini ni mara 1.75 ya bei ya kuanzia, ikipanda asilimia 5 ni mara 2.5. Pueblo walifunga bei, wewe unafungwa ngazi, ni tofauti. Alafu angalia ni ya shilingi au ya dola. Kama ni dola na wewe beseni unauza Gikomba kwa shilingi, basi umeingia biashara ya pili ya kubadilisha fedha bila leseni. Alafu Jumapili. Wanasema utalipia unachotumia, ila kuna kifungu mahali kinasema utalipia kinachozalishwa hata usipokitumia. Jumapili mashine zimelala, Krismasi mashine zimelala, jua halina Krismasi.

Na bili yako ya sasa itoe mezani uisome na mkurugenzi mstari kwa mstari. Mteja wa viwanda halipi uniti peke yake, analipia pia KVA, yani kilele chake cha mwezi mzima. Kama kilele chako kinatokea saa moja na nusu usiku shifti mbili zinapopishana na mashine zote zinapashwa kwa pamoja, sola haikigusi kabisa, uniti zitapungua na KVA itabaki pale pale imekutolea macho. Wengine wanaokoa hela nyingi kwa kuamuru tu mashine zisiwashwe kwa mkupuo mmoja, bila paneli hata moja. Mwambie yule bwana akuletee hesabu ya saa kwa saa, matumizi yako ya mwaka mzima na sola yake juu yake, na akuoneshe usiku anabeba nani na kwa bei gani. Akileta mchoro wa jua linalocheka, mpe chai arudi.

Mengine haraka: nani anaziba paa likivuja kwenye boliti zake, mkihama kiwanja mwaka wa tisa mnalipa nini, mwisho wa mkataba vyuma vinabaki kwa nani. Na ukubwa, Kenya sheria ya nishati ya 2019 haikutaki leseni kwa uzalishaji wa matumizi yako mwenyewe usiozidi megawati 1, ukivuka hapo ni safari nyingine. Ila hapo mwenye mtambo ni yeye na sio wewe, kwahiyo mwanasheria asome hicho kifungu kabla ya kalamu.

Kuhusu kununua moja kwa moja kutoka shamba kubwa, Garissa na Malindi umeme wao unanunuliwa na Kenya Power kwa mikataba mirefu, huwezi kwenda getini na ndoo. Kinachotakiwa ni ruhusa ya kupitisha umeme wako kwenye laini za mwingine kwa kulipa njia, kama lori na ushuru wa barabara. Hiyo sheria ya 2019 ilifungua mlango wa jambo hilo, lakini kiwanda cha ndoo peke yake ni kidogo mno kuita shamba zima la sola, hata jitu kama tanuru la Pueblo halikukwepa shirika la umeme, lilipitia kwa Xcel. Dubai nako hivyo hivyo, tangu 2021 kiwanda cha alumini cha EGA kinauza alumini ya jua, BMW ya Ujerumani ndo walikuwa wateja wa kwanza, mpango wa kuanzia ulikuwa megawati-saa 560,000 (moja ni uniti 1,000) kwa mwaka kwa tani 40,000, na umeme wote unapita kwenye gridi ya DEWA, shirika la umeme la Dubai, jua linahesabiwa kwa vyeti. Alumini tani moja inakula uniti 14,000, piga mahesabu, na vyungu vyake vikikosa umeme masaa machache vinaganda kama pipa lako la plastiki ila hasara yake sio ya patasi ya shaba.

Mkurugenzi akikasirika mwambie Fundi ndo kakutuma.

SWALI: Fundi, mie ni mama wa watoto wanne, twaishi karibu na shamba moja la sola huku pwani ya Kenya. Mchana paneli zang'aa hadi macho yauma, usiku sisi twawasha koroboi. Zile nyaya zapita juu yetu zaenda wapi? Kwa viwanda? Na kama ni jua letu mbona sisi gizani? (Mama, Pwani ya Kenya)

JIBU: Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote na nimeliweka mwisho nisilikimbie. Zile nyaya juu yenu ni za msongo mkubwa, ni kama basi la moja kwa moja la Mombasa Nairobi, linapita kijijini kwako kwa mwendo na halisimami. Umeme ukitoka kwenye paneli unapandishwa, unapandishwa tena, mpaka volti laki na zaidi ndo usafiri bila kupotea njiani, nyumba yako inataka 240. Kuushusha kunahitaji transfoma na nguzo ndogo, na hivyo vinajengwa na shirika la umeme, mwenye shamba la sola hana ruhusa ya kukuvutia waya hata kama anakuonea huruma. Kukaa jirani na shamba hakukupi stima, kama vile kukaa jirani na benki hakukupi mkopo. Ukifika kwenye gridi unachanganyika na wa mvuke wa ardhini wa Olkaria na wa upepo, ukiuliza umeenda kwa kiwanda au kwa nani, jibu ni umeenda bahari moja.

Na kitu kingine ambacho huenda hujakijua, usiku lile shamba lenyewe linanunua stima. Taa za uzio, kompyuta, kamera, vyote vinavuta kutoka gridi jua likizama. Kwahiyo zile taa unazoziona kule ng'ambo ya uzio saa tatu usiku na wewe una koroboi, sio jua lililobaki, ni mteja kama ambavyo wewe ungekuwa.

Cha kufanya. Kenya ile mipango ya kuunganisha vijiji imekuwa ikihesabu nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Tafuta transfoma iliyo karibu nanyi zaidi, hata kama ni ya shule au ya kisima, soma namba iliyoandikwa juu yake uiandike. Alafu tembea kutoka hapo mpaka mlangoni kwako kwa njia iliyonyooka kadri uwezavyo ukihesabu hatua. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, mita 600 ni hatua 800. Zikiwa chini ya 800 andikeni barua moja, nyumba zote pamoja, na hiyo namba ya transfoma, sio kila mtu na barua yake. Zikizidi, niandikie umepata ngapi na nyumba ziko ngapi, nikupangie paneli moja ya taa na simu kwa sasa.